Jiwe la Mlangoni

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na udongo wa Kabanga, pale wilayani Ngara jirani na mpaka wa Burundi, ukilowa hung'ang'ania soli ya kiatu kama mdai. Nilipofika mlangoni kwa bibi yule niliona jiwe pana limelazwa chini ya kizingiti, limebonyea katikati, nikadhani limewekewa watu kama mimi. Nikasugua viatu juu yake, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto. Bibi alikuwa ananitazama kutoka ndani. Hakufoka. "Hapo, mjukuu wangu, tulikuwa tunasaga," alisema, halafu akaitikia shikamoo yangu kana kwamba jambo limekwisha. Kwangu halijaisha hadi leo.

Mbonyeo wa jiwe lile haukuchongwa na fundi. Ulichimbwa na viganja vya wanawake, mtama kwa ulezi, alfajiri kwa alfajiri, hata jiwe lenyewe likasagika pamoja na nafaka na watu wakalila kidogo kidogo bila kujua. Ng'ambo ya mpaka wanaliita urusyo, na mwenzake mdogo wa juu, anayeshikwa kwa mikono miwili, ni ingasire. Mdogo huyo kwa bibi hayupo tena. Siku hizi mahindi yanapelekwa mashineni, yanakobolewa, yanasagwa, na kabla hujamaliza kusalimiana na majirani kwenye foleni ndoo yako imeshajaa. Sina hamu ya kuyarudisha mawe. Wanaoyasifu wengi wao hawakuwahi kusaga. Ila kipo kitu kilichoondoka na jiwe ambacho mashine haikukiona. Jiwe la namna hii huwezi kulitumia umesimama. Asagaye hupiga magoti, husukuma mbele, huvuta nyuma, na ukimwangalia kwa mbali huwezi kujua anasaga au anasujudu. Nilimuuliza bibi jiwe lilitoka wapi. Akanijibu kwa maneno mawili: "Kwa shebuja."

Shebuja ni neno ambalo Kiswahili hakina mwenzake kamili. Ukisema bwana, umesema kidogo. Ukisema bosi, umesema cha leo. Ukisema tajiri, umeacha nusu. Shebuja ni mtu aliyekupa ng'ombe. Sisi tuliosoma historia sekondari tulikutana naye darasani bila kumtambua. Mwalimu aliandika ubaoni mifano ya ukabaila Afrika Mashariki: nyarubanja kwa Wahaya, ubugabire huku kwetu magharibi kuelekea Buha na Burundi, umwinyi pwani na visiwani. Tukakariri vitatu hivyo kama tulivyokariri mito, tukaviandika kwenye mtihani, tukapata alama, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba mmoja wa mifano hiyo umelazwa mlangoni kwa mtu na watu wanafutia miguu.

Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Bugufi hii, yaani nchi ya Wahangaza, ilikuwa kipande cha ufalme wa Burundi. Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Mjerumani, mstari ulipita, na Bugufi ikajikuta Tanganyika. Mila haikusoma ramani. Ubugabire uliendelea kufanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa hivi: mwenye ng'ombe humpa asiye nazo jike mmoja. Hamuuzii, wala hamkopeshi kwa riba, anampa. Maziwa ni ya mpewa, samadi ni ya mpewa, na katika vilima hivi mgomba usiopata samadi hauleti mkungu wa kumwonyesha mgeni. Lakini ng'ombe mwenyewe habadiliki kuwa wake. Mpewa hupeleka kibuyu cha pombe ya ndizi, hupeleka jembe, hukarabati ua wa mji wa shebuja unapooza, humsindikiza shebuja safarini akimbebea mzigo. Mke wake naye huenda kusaga. Mpewa akipata kesi, shebuja husimama upande wake, na hilo si jambo dogo mahali ambapo mnyonge hana msemaji. Akikosana na shebuja, ng'ombe hurudi alikotoka, pengine na ndama wake. Kwa hiyo ng'ombe anazaa, na deni nalo linazaa. Zizi likijaa, shukrani nazo zinatakiwa kujaa.

Bibi alisema babu yake alikuwa anampenda shebuja wake. Alilisema hilo mara mbili, akinitazama usoni kuhakikisha nimesikia, maana aliona nimeshashika kalamu na uso wangu umeshatoa hukumu. Alimpenda kweli. Alilia alipokufa. Na wake zake waliamka kabla ya jogoo kwenda kusaga unga wa watu wasio wao, kwenye mawe yaliyokuwa ya watu wasio wao, mpaka siku moja jiwe hili likatolewa, nalo likawa zawadi. Nikamuuliza kama waliacha kwenda baada ya kupewa jiwe lao. Alicheka kicheko cha mtu aliyeulizwa na mtoto. "Umepewa jiwe, halafu usiende?"

Hapo mawazo yangu yakakimbilia mawe mengine, ya mbali. Kaskazini ya London upo mji wa St Albans, na katika karne ya 14 mji ule ulikuwa mali ya monasteri yake. Abati alikuwa na vinu vya kusagia, na sheria ya abati ilikuwa nyepesi kueleweka: kila mwenye nafaka asage kwenye kinu chake na amwachie sehemu. Wenyeji wengine wakawa na vijaa vidogo majumbani, wakasaga kimyakimya. Abati Richard wa Wallingford akaamuru vijaa vile vikusanywe nyumba kwa nyumba, kisha akavipanga chini vikawa sakafu ya ukumbi wake. Richard huyu hakuwa mjinga wala katili wa hadithi. Alikuwa mwanahesabu na mjuzi wa nyota, aliyebuni saa kubwa ya kuonyesha mwendo wa jua na mwezi, na mwili wake uliliwa na ukoma. Mtu anayeweza kupima mwezi hashindwi kupima unga wa mjane. Karibu miaka 50 watu wa St Albans walipoitwa kwa abati walikanyaga mawe yao wenyewe. Mwaka 1381, wakulima wa Uingereza walipoasi, wenyeji waliingia ukumbini wakaing'oa ile sakafu, wakayavunja mawe, na kila mmoja akaenda nyumbani na kipande, kama vile vipande vya mkate uliobarikiwa walivyozoea kugawiwa kanisani. Kiongozi wao, William Grindcobbe, alinyongwa mwaka huohuo.

Kisa hiki kimenikaa kuliko habari zote za ngome na mashujaa wa farasi, kwa sababu ukabaila tunaouona kwenye filamu ni wa mapanga na bendera, na ukabaila ulioishi na watu ulikuwa wa unga. Kule Ulaya maaskofu waliigawa jamii mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaolima. Inasikika kama mizani iliyotulia. Waliolima ndio waliolisha mafungu mawili mengine, nao ndio hawakuulizwa. Mtwana wa Uingereza alilima shamba la bwana siku kadhaa za juma na lake siku zilizobaki, akalipa bintiye alipoolewa, na alipokufa bwana alikuja zizini kuchagua mnyama bora. Wa pili kwa ubora mara nyingi alikwenda kwa padri. Hapo ndipo huku na kule kunapopishana kidogo. Kule ng'ombe alipanda kwa bwana mtu akifa. Huku ng'ombe alishuka kwa mtu angali hai. Na sijui, nikiulizwa, kipi kinamfunga mtu zaidi, kunyang'anywa au kupewa. Aliyenyang'anywa anajua nani adui yake, na siku akipata nafasi atang'oa sakafu. Aliyepewa akiinua mkono, watu watamwambia shukrani ya punda ni mateke.

Tazama mikono. Ulaya ile, askari aliyejiweka chini ya bwana alipiga magoti, akaviunganisha viganja vyake, na bwana akavifunika kwa vyake. Hapo mtu akawa wa mtu. Huku Ngara hadi leo mtoto akipewa kitu kwa mkono mmoja anazabwa kofi jepesi: pokea kwa mikono miwili. Mimi nililelewa hivyo, nami nawalea wangu hivyo, na sioni aibu. Ni adabu nzuri. Ila nikiwa nimekaa kwa bibi, nikipokea kikombe cha uji kwa mikono miwili, magoti yamekunjika kidogo yenyewe, nilijiuliza mwili wangu umelijua lini pozi hili, na nani alilifundisha kwa nani hadi likanifikia.

Kaskazini yetu, Buhaya na Karagwe, mambo yalipitia ardhini. Mukama, yaani mfalme wao, aliweza kukata kipande cha kijiji pamoja na watu waliomo akampa ndugu yake au mtumishi aliyempendeza. Mtu alilala mwenye shamba akaamka mtwarwa, na mibuni na migomba aliyoipanda babu yake ikawa juu ya ardhi ya mtwazi. Alitoa ndizi, alitoa pombe, alitoa nguo za magome, alitoa siku zake. Wakoloni walipokuja, na kahawa ikawa fedha, mashamba ya nyarubanja hayakupungua, yaliongezeka. Hans Cory na Hartnoll walipoziandika mila za Wahaya katika kitabu chao cha mwaka 1945, nyarubanja ilikuwa bado mada nene. Na chini ya mtwarwa palikuwa na mwingine tena, ambaye vitabu vinampitia haraka: kibarua kutoka kwetu. Watu wa Bugufi, Waha na Warundi walitembea kwa miguu kwenda Buhaya kupalilia kahawa, na wengine wakavuka hadi Buganda, ambako Mkataba wa mwaka 1900 ulikuwa umeigawa ardhi kwa Kabaka na wakubwa wake kwa maili za mraba. Huko mgeni alipata kiwanja cha kupanda matoke kwa kulipa busuulu na envujjo, kodi ya ardhi na fungu la mazao, malipo ambayo sheria ya mwaka 1927 ililazimika kuyawekea kikomo. Mtu aliondoka kwa shebuja akafika kwa mwenye maili. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hakumfahamu mama yake.

Ukitoka Ngara ukashuka kwenda Biharamulo, nchi inabadilika kabla hujapita Lusahunga. Vilima vilivyosongamana migomba vinaachia, miti inatawala, njia inanyooka katikati ya pori. Hapa ndipo palipokuwa Rusubi, nchi ya mtawala Kasusura, na hapa Wajerumani walijenga boma lao ambalo bado linaangalia mji kutoka juu. Hapa na Buzinza ya jirani, Warongo waliyeyusha chuma, na majembe yao yalikwenda mbali, yakiwa mahari, yakiwa hongo ya njia, yakiwa ushuru kwa mkubwa. Nikipita njia hii huwa nawaza kwamba pori lilikuwa mji wa wakulima wetu. Ulaya, mtwana aliyetoroka akaishi ndani ya mji wenye haki zake mwaka mmoja na siku moja, bwana wake hakuweza tena kumdai. Huku hapakuwa na ukuta wa mji wa kujificha, lakini palikuwa na nafasi. Ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, na mtawala aliyebana sana aliamka asubuhi akakuta majivu ya baridi na vibanda vitupu. Kuhama kulikuwa kura ya watu wasio na kura. Haikuwa bure: mbung'o walikuwa ndani ya pori lilelile, na aliyekimbilia huko alijua ng'ombe hatapona na huenda hata yeye akapatwa na malale. Katika Bugufi iliyojaa watu, ambako shamba linagusana na shamba, mtu hakuwa na pa kurudi nyuma hatua moja, na ndiyo maana nadhani mkono wa shebuja ulikaza zaidi kule vilimani kuliko huku bondeni. Hilo ni wazo langu. Bibi hakukubaliana nalo. Yeye alisema watu hawahami kwa sababu ya makaburi.

Yakaja na magonjwa. Tauni ilipoingia Uingereza mwaka 1348 iliua watu wengi mno, na waliobaki wakagundua kwamba mikono yao ina bei; wakubwa wakaharakisha sheria mwaka 1351 kuzuia ujira usipande, na ile sakafu ya St Albans ilikuja kung'olewa na watoto na wajukuu wa waliopona. Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliua ng'ombe. Fikiria nchi ambayo urafiki, ndoa, kesi na heshima vimeandikwa kwenye ngozi ya mnyama, halafu mnyama analala chini, ulimi nje, zizi zima, kilima hadi kilima. Tauni ya watu ilimpa mnyonge nguvu. Tauni ya ng'ombe, naogopa, ilifanya kinyume: aliyebakiwa na ng'ombe watano akawa mkubwa kuliko yule wa mia wa mwaka juzi, na foleni ya wanaoomba mmoja ikarefuka.

Kuna maneno ambayo nimeyazunguka hadi sasa, na msomaji wa kanda hii ameshaona. Mtutsi, Mhutu, Mhima, Mwiru. Zamani maneno haya yalibeba pamoja ukoo, kazi na mali, na mlango kati yake haukuwa na kufuli: Rwanda na Burundi lipo neno kwihutura, kuuvua Uhutu, lililotumika kwa mtu aliyefanikiwa hadi akahesabiwa upande wa pili. Wabelgiji wakaja na hesabu ya watu na vitambulisho vya miaka ya 1930, wakaandika kwa wino kilichokuwa kinaandikwa kwa maziwa. Mwaka 1994 mto Kagera ulipita Rusumo, hapa wilayani Ngara, umebeba maiti hadi Ziwa Viktoria, na mwishoni mwa Aprili robo milioni ya watu waliingia Ngara kwa karibu siku moja na kutengeneza mji wa turubai pale Benaco. Ndiyo sababu bibi anasema shebuja, na hasemi shebuja alikuwa nani. Nami sikumuuliza.

Serikali ilifanya yake. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwapa watwarwa wa nyarubanja ardhi waliyokuwa wanailima, na mwaka 1968 sheria nyingine ikalipanua jambo hilo. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, aliikumbusha nchi methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akiwa na picha ya jamii ya zamani ambayo kila mtu alifanya kazi na hakuna aliyemnyonya mwenzake. Ninampenda Mwalimu, lakini nikiwa nimesimama juu ya jiwe lile, methali ile iligeuka mdomoni mwangu. Babu wa bibi hakupewa jembe, alilipeleka. Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha lilisema ukweli zaidi, kwamba nchi bado ina ubepari na ukabaila ndani yake pamoja na vishawishi vyake. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye aliziangalia falme hizi za Maziwa Makuu katika kitabu chake cha mwaka 1972, akaona matabaka yalishaanza kukomaa kabla ya mzungu. Hayo yote ni kweli na yalikuwa na maana. Sheria inaweza kufuta kodi ya ardhi kwa kura moja ya Bunge. Sijaona sheria iliyofuta ahsante.

Pori nalo limefungwa. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na sina ugomvi na twiga. Nasema tu kwamba ule mji wa wakimbiaji haupo tena; anayebanwa leo hawezi kuhamia mitini. Anahamia barabarani, na barabarani wapo wenye vitu na wapo wenye mikono.

Mjukuu wa bibi ndiye aliyenirudisha stendi. Kijana mpole, ana pikipiki iliyosafishwa vizuri, maua ya plastiki kwenye vioo. Kabla ya kuondoka alichukua panga, akalinoa kwenye ukingo wa lile jiwe mara tatu nne, akamwachia bibi akakate majani ya mbuzi. Nikamsifia pikipiki. Akasema si yake, ni ya mtu mmoja mjini, mtu mzuri sana, alimpa wakati hana kitu, hata kijijini hakuna aliyemwamini. Ikiharibika kidogo anatengeneza mwenyewe. Tajiri akiwa na msiba, anabeba maji na kuni. Tajiri akiwa na harusi, anabeba wageni, siku hizo hadai nauli. Nikamuuliza kama wana mkataba wa kuja kuwa yake. Akasema waliongea, lakini haukuandikwa, na kumkumbusha mtu aliyekusaidia si vizuri. Tulipofika nilimpa nauli. Aliipokea kwa mikono miwili, akaangalia jua limefika wapi, akasema bado hajafikisha hesabu. Hesabu hupelekwa kila jioni, hata Jumapili.